Boksi la Paul Robeson: diski nne, filamu saba, na sauti iliyozizidi zote

Nimemaliza kuangalia boksi zima la DVD za Paul Robeson, muigizaji na mwimbaji Mmarekani mweusi, lile lililotolewa na Criterion, kampuni inayotoa filamu za zamani, mwaka 2007 linaitwa Paul Robeson: Portraits of the Artist, limenichukua kama wiki tatu hivi maana nilikuwa naangalia usiku tu watu wakishalala, na nimeona niandike kirefu kwa sababu kabla sijalinunua nilitafuta mtu aliyelielezea kwa Kiswahili nikakosa. Kwa wenye haraka nasema hivi, litafute, ila usilichukue ukitegemea filamu saba nzuri. Nzuri kabisa ni mbili, ukinibana sana nitasema tatu. Zilizobaki ni filamu za kawaida au mbovu ambazo ndani yake kuna mtu mmoja anaigiza kama vile yuko kwenye filamu nyingine bora zaidi, na ukishaligundua hilo huwezi tena kuacha kumwangalia.

Tuanze na mzigo wenyewe. Diski nne, kila moja ina kazi mbili, jumla filamu saba pamoja na dokumentari fupi, halafu kuna kijitabu kizuri cha makala na picha. Langu lilifika kona imepasuka na diski ya tatu imechomoka inagongagonga ndani, aliyeniuzia nilimwandikia mara mbili kimya, bahati haikuwa na mkwaruzo wa maana. Kitu kikubwa cha kuangalia kabla hujatoa hela ni kwamba hizi diski ni za kanda ya kwanza, yaani zimetengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada, kwa hiyo deki iliyonunuliwa kwingine inaweza kuzikataa kabisa. Hakikisha deki yako inasoma kanda zote. Na sabtaito za Kiswahili hakuna, mle ndani kuna Kiingereza cha mtaani cha Wamarekani weusi wa zamani, kuna lafudhi nzito ya Wales, kwa hiyo jiandae kurudisha nyuma mara kwa mara.

Sasa huyu Robeson ni nani, kwa wale wanaomjua kwa wimbo mmoja tu wa mto, Ol' Man River. Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 Princeton, New Jersey. Baba yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa kule North Carolina akatoroka akiwa na miaka 15, akasoma, akawa mchungaji. Naomba ulishike hilo kichwani kwa sababu kila kitu anachofanya huyu mtoto baadaye kinarudi pale pale. Mama yake alikufa kwa ajali ya moto mwaka 1904, Paul bado mdogo hata miaka sita hajafika. Mwaka 1915 akapata skolashipu ya chuo kikuu cha Rutgers, akacheza mpira wa Kimarekani mpaka akachaguliwa timu bora ya nchi nzima mara mbili, 1917 na 1918, na darasani akawa ndiye aliyetoa hotuba ya wahitimu mwaka 1919. Akaenda kusoma sheria chuo kikuu cha Columbia, akamaliza 1923, akaingia ofisi ya mawakili, siku moja katibu mzungu akakataa kuandika anachomsomea kwa sababu ya rangi yake, na uwakili ukaishia hapo. Mimi nikifikiria hiyo siku huwa nachanganyikiwa, maana dhuluma ni dhuluma, lakini bila yule katibu huenda tusingekuwa na hii sauti.

Maana moja kwa moja akaingia stejini. Mwaka 1924 tayari anaigiza tamthilia za Eugene O'Neill New York, mojawapo The Emperor Jones, na diski ya kwanza ya boksi hili ina toleo lake la sinema la 1933 lililoongozwa na Dudley Murphy. Hadithi ni ya Brutus Jones, mhudumu wa treni, anaua mtu, anafungwa kwenye genge la wafungwa wa minyororo, anatoroka mpaka kisiwani na huko anajifanya mfalme, kisha wananchi wanachoka naye. Mwanzoni utamwona anajitazama kwenye kioo na yunifomu mpya ya reli, kidevu juu, anajipenda kama bwana harusi, na baadaye akishakuwa mfalme vioo vinarudi, safari hii yuko na makoti ya dhahabu na ni yule yule kijana wa treni ila macho yamekuwa makali. Hakuna anayekwambia kwamba amebadilika, unaona tu mabega.

Halafu msituni. Karibu robo ya mwisho yuko peke yake anakimbia usiku, bastola ina risasi sita, tano za kawaida na moja ya madini ya fedha aliyojiwekea mwenyewe, na ngoma inapigwa mbali. O'Neill aliandika kwenye tamthilia kwamba ngoma ianze kwa mapigo 72 kwa dakika, sawa na mapigo ya moyo wa mtu aliyetulia, kisha iongezeke polepole bila kukata. Kwenye sinema hesabu haiko kamili hivyo lakini moyo wako unafuata, mimi nilijikuta nimekaa mbele ya kiti. Robeson anaanza anaongea kama mkubwa, anajitia moyo, anacheka, nguo zinachanika moja moja, na mwisho anaomba Mungu kwa sauti ya mtoto wa kanisani. Kuna kitu kimoja kinauma ukikijua: Fredi Washington, anayecheza mpenzi wake wa mjini, alikuwa mweusi mwenye ngozi nyeupe sana, wakubwa wakaogopa watazamaji watadhani Robeson anambusu mzungu, wakampaka rangi awe mweusi zaidi. Ukishajua, unaiona ile rangi usoni kwake katika kila picha.

Diski ya pili ni ya filamu za kimya. Body and Soul ya 1925 ni ya Oscar Micheaux, dairekta mweusi aliyekuwa anatengeneza filamu zake mwenyewe nje ya Hollywood, na ni filamu ya kwanza ya Robeson. Anacheza watu wawili, ndugu mmoja mpole na mwingine mhalifu anayejifanya mchungaji. Yule mchungaji wa uongo, jamani. Kuna mama mmoja muumini anapiga pasi nguo za watu, anaweka akiba yake ndani ya Biblia kwa ajili ya binti yake, na huyu "mtumishi" anaichukua halafu lawama zinamwangukia binti. Filamu haina sauti hata kidogo, tunayemzungumzia ni mtu ambaye dunia nzima inamkumbuka kwa sauti, na bado anakutisha kwa tabasamu tu, anapomsogelea yule binti mwili mzima unajaza mlango. Wachungaji wa namna hii tunawajua, hawajaisha. Mwisho wake una ujanja ambao mimi sikuupenda, ni kama dairekta alirudi nyuma kwa kuogopa kukatwa na wenye mamlaka, lakini kabla ya hapo ni moto. Kwenye diski wameweka muziki mpya wa jazi wa Wycliffe Gordon, umekaa vizuri mno.

Borderline ya 1930, hiyo ilipigwa Uswisi na kikundi cha wasanii marafiki, mkewe Eslanda naye yumo. Picha nzuri, hadithi sikuielewa vizuri hata mara ya pili. Pita.

Diski ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Sanders of the River, 1935, ya ndugu wa Korda, Alexander prodyuza na Zoltan dairekta. Ni hadithi ya Sanders, ofisa wa Kiingereza anayetawala makabila ya Afrika Magharibi, na Robeson ni Bosambo, mtu aliyetoroka jela Liberia anayefanywa chifu kwa hisani ya mzungu. Filamu inafunguka kwa maneno ya kuwasifu wachache wa Kiingereza wanaolinda amani kwa mamilioni ya watu, na inaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, Waafrika ni kama watoto, baba akitoka wanachinjana, baba akirudi wanatulia. Bosambo anamwita Sanders "Lord Sandi" na anainamisha kichwa. Nilisimamisha hapo, nikaenda kunywa maji.

Lakini nataka niwaambie kwa nini msiiruke. Kwanza Robeson aliikubali kwa nia safi. Zoltan Korda alikwenda Afrika miezi kadhaa akarudi na picha halisi za ngoma na nyimbo, Robeson akaziona akaamini hatimaye sinema itaonyesha utamaduni wa Mwafrika kwa heshima. Katika miaka hiyo hiyo alikuwa anasoma pale School of Oriental Studies London, ile tunayoijua leo kama SOAS, na alichokuwa anasoma ni fonetiki na Kiswahili. Kiswahili! Nilipokutana na habari hiyo nilikaa nikatabasamu peke yangu kama mjinga, kwamba huyu jitu kutoka New Jersey, mtoto wa mtumwa aliyenyang'anywa hata lugha ya mababu, alikaa darasani London akihangaika na ngeli zetu hizi hizi. Mwaka 1934 aliandika makala kwamba anataka kuwa Mwafrika. Halafu filamu ikatoka, kumbe sifa zote za ukoloni ziliingizwa siku za mwisho za kupiga picha, kwa maelezo yake mwenyewe baadaye, na akaikana hadharani maisha yake yote yaliyobaki.

Pili, kodoa macho kwenye umati wa machifu. Mmoja wao ni Jomo Kenyatta. Sitanii, yule yule, alikuwa London wakati ule kwa shughuli za watu wake na masomo, hela hakuna, akapata kibarua cha kuwa ekstra kwenye filamu hii. Miaka 28 baadaye anakuwa Waziri Mkuu wa Kenya na mwaka uliofuata Rais. Kwa hiyo kwenye fremu moja una mtu anayejifunza Kiswahili akijifanya chifu, na mtu atakayeongoza nchi akilipwa kusimama nyuma kama pambo, na hadithi yenyewe inasema hawa watu hawawezi kujitawala. Mimi hii filamu siipendi na nitaiangalia tena.

Angalia pia Robeson anavyoimba wimbo wa makasia. Kamera haina cha kufanya isipokuwa kumfuata. Maneno ni ya kipuuzi, sauti si ya kipuuzi hata kidogo, inatoka chini kabisa kama kitu kinachovutwa ardhini, na mle kwenye mtumbwi kwa dakika mbili tatu Sanders anasahaulika kabisa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichosema juu, kwamba kulitazama boksi hili ni kumtazama muigizaji akishindana na filamu yake mwenyewe.

Jericho ya 1937 iko diski hiyo hiyo, nyepesi, mwanajeshi Mmarekani wa vita ya kwanza anaua mkubwa wake kwa bahati mbaya wakati anaokoa wenzake kwenye meli, anatoroka mpaka jangwani, anakuwa kiongozi wa msafara wa chumvi. Sehemu yake ilipigwa Misri, na mkewe kwenye hadithi anachezwa na dada wa Kisudani anayejulikana kama Princess Kouka. Haina maajabu ila mwisho wake mweusi anabaki hai, ana mke, ana mtoto, ana heshima. Kwa 1937 hilo peke yake lilikuwa jambo.

Kisha diski ya nne, na hapa nitachelewa kidogo. The Proud Valley, 1940, dairekta Pen Tennyson, kijana. Robeson ni David Goliath, baharia Mmarekani aliyekosa kazi, anatangatanga mpaka bonde la wachimba makaa Wales. Yuko barabarani, juu dirishani kuna kwaya ya wanaume wanafanya mazoezi ya Elijah, utunzi wa kidini wa Mendelssohn. Anasimama. Anasikiliza kidogo kichwa kimeinama, halafu anaingia na besi kutoka kule chini mtaani, bila kualikwa, na kiongozi wa kwaya ndani mkono unakwama hewani, anatafuta hiyo sauti imetoka wapi, anakimbilia dirishani. Nimeirudia hiyo sehemu labda mara kumi. Kwa mtu yeyote aliyewahi kuimba kwaya, ukaimba miaka na besi zako mbili dhaifu halafu siku moja anaingia mgeni, unajua kabisa huyo mzee anajisikiaje.

Wanamtafutia kazi mgodini kwa sababu wanamtaka kwenye kwaya, wako wanaonung'unika kufanya kazi na mweusi, na jibu wanalopewa ni kwamba kwani kule chini shimoni si sote ni weusi. Wanacheka, wanashuka. Haijaongezwa hotuba wala muziki wa kulazimisha, ni wanaume na nyuso za vumbi. Robeson hapa haigizi ukubwa, anavaa kofia yake, anakaa mezani kwa familia, anamsikiliza mama wa nyumba, na kwa mara ya kwanza katika filamu zote hizi amezungukwa na watu wanaomstahili. Jinsi hadithi inavyomalizika sikupenda, eti yeye tena ndiye wa kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine, lakini ukifika hapo umeshampenda kiasi kwamba unakasirika kama ndugu.

Na haikuwa uigizaji mtupu. Miaka ya mwisho ya ishirini Robeson alikutana mtaani London na wachimba makaa wa Wales waliotembea kwa miguu kutoka kwao kulalamikia njaa, wanaimba, akaungana nao kwenye msafara, na urafiki huo haukukatika. Serikali ya Marekani ilipomnyang'anya pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake na kelele zake za haki za weusi, asiweze kutoka nje, hawa hawa Wales ndio waliomwalika mwaka 1957 kwenye tamasha lao la Porthcawl, na kwa kuwa hawezi kusafiri akaimba kwa simu. Alikaa studio New York, sauti ikapita kwenye kebo chini ya Atlantiki, ukumbi mzima ukamsikia, wao wakamwimbia upande wa pili na yeye akawasikiliza. Baada ya filamu kumalizika nilikaa nikaifikiria hiyo simu, mtu yule yule wa chini ya dirisha, anaingia kwenye kwaya kutoka nje.

Native Land ya 1942 yeye haonekani, anasimulia na kuimba tu, ni kuhusu wafanyakazi wa Marekani walivyokuwa wanapelelezwa na kupigwa kwa kuanzisha vyama. Nzito, inahitaji uvumilivu, ila saundi ya msimuliaji inakushika.

Dokumentari iko diski ya kwanza, dakika 29 hivi, Sidney Poitier ndiye anasimulia, ilipata Oscar. Nashauri uiache mpaka mwisho, usianze nayo kama nilivyofanya mimi, maana inakupa maumivu yote kabla hujamjua mtu. Humo unaona wimbo wa mto, Ol' Man River, jinsi alivyokuwa anaubadilisha maneno mwaka hadi mwaka, mwanzo mtu amechoka kuishi na anaogopa kufa, baadaye anasema lazima apigane mpaka afe. Wimbo ule ule, mdomo ule ule. Na kipindi kile cha kubanwa: mapato yake yaliyokuwa zaidi ya dola 100,000 mwaka 1947 yalishuka hadi dola elfu chache, kumbi zikafungwa, hata kwenye orodha za mpira jina lake la 1917 na 1918 likarukwa. Mwaka 1956 aliitwa mbele ya kamati ya bunge, wakamuuliza kwa nini asibaki Urusi kama anaipenda, akawajibu baba yangu alikuwa mtumwa, watu wangu wamekufa kuijenga nchi hii, nitakaa hapa hapa na nitakuwa na sehemu yangu kama nyinyi. Pasipoti alirudishiwa 1958.

Malalamiko yangu makubwa mawili. La kwanza, Show Boat ya 1936 haimo, na ndiyo yenye ule wimbo ukiimbwa kwa ukamilifu, Criterion waliitoa peke yake baadaye mwaka 2020, kwa hiyo unatoboka mfuko mara mbili. La pili si kosa la watengenezaji: Othello. Alicheza London 1930 na Peggy Ashcroft, akacheza Broadway kuanzia Oktoba 1943 na Uta Hagen na José Ferrer, maonyesho 296, rekodi ya Shakespeare Broadway, na walipozunguka nchi alikataa kupanda stejini mahali popote wanapotenganisha weusi na weupe kwenye viti. Akarudia tena Stratford 1959 akiwa na miaka 61. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake na hakuna filamu yake, kuna rekodi ya sauti tu ya miaka ya arobaini. Nimeitafuta nikaisikiliza nimezima taa. Unatamani kuona mikono.

Picha kwa ujumla ni safi ukizingatia umri, Emperor Jones ina sehemu zimekwaruzika na sauti inapanda na kushuka, Proud Valley iko vizuri sana.

Usiku wa mwisho mzee wangu alipita sebuleni, ni mtu ambaye sinema nyeusi na nyeupe hazimhusu, alikuwa anaenda kuchukua maji. Nilikuwa nimeirudisha ile sehemu ya dirishani. Akasimama na glasi yake mlangoni, akasikiliza mpaka wakamaliza, akaniuliza, "Huyo ni nani, mwanangu?" Nikamwambia ni Paul Robeson, baba, alisoma Kiswahili. Akavuta kiti. Kwa hiyo ukilipata anza na diski ya nne.